Dumu la Saa Ishirini na Nne

Daktari kijana aliliweka dumu juu ya meza, na benchi zima likaliona, kwa sababu chumba chake hakikuwa na mlango. Mlango ulikuwepo zamani. Uling'olewa ukapelekwa kwenye ofisi ya mkuu wa zahanati, aliyesema kelele za wagonjwa zinamzuia kufanya kazi. Kazi gani, hakuna aliyepata kuiona.

Lilikuwa dumu jeupe la lita tatu, lenye mistari ya vipimo ubavuni na kifuniko chekundu.

"Kesho asubuhi ukiamka, mama," alisema daktari, "haja ndogo ya kwanza uimwage. Angalia saa. Kuanzia hapo kila tone liingie humu, mchana na usiku, mpaka kesho kutwa saa ile ile. Liweke mahali pa baridi. Na ukipoteza hata mara moja, uniambie. Tusidanganyane."

"Kila tone, mwanangu?"

"Kila tone, mama."

"Basi atembee nalo kama mkoba wa harusini," akasema mzee mmoja kwenye benchi. Watu wakacheka kichovu, kicheko cha watu waliokaa pale tangu alfajiri.

Mumewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kofia mkononi. Kituoni anakopokea maziwa ya wafugaji walimwita Kipimo, na hata nyumbani jina lilikuwa limeshamganda. Kazi yake ilikuwa kutumbukiza kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kusema haya ni maziwa, yale yana maji. Kijiti kikizama kupita mstari, maziwa yanamwagwa mtaroni mbele ya mwenyewe. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na moja, na hakuwa na marafiki wengi.

"Unameza dawa za aina tatu, na sindano juu yake," daktari aliendelea, "na sukari haishuki. Uso umekuwa mviringo, tumbo linakua, mikono na miguu inakwisha. Ukiguswa tu unavilia damu. Inawezekana shida si chakula. Kuna homoni inaitwa kotisoli, inatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ikizidi, sukari inapanda hata ukishinda njaa. Si wengi wanaokuwa nayo, lakini mtu kama wewe lazima apimwe."

Muuguzi mkuu alikuwa meza ya pili, anapanga kadi. Hakuinua macho.

"Daktari, wewe una miezi miwili hapa. Huyo mama mimi ninaye mwaka wa sita. Anakula. Wote wanakula, ila wakifika hapa wanakuwa watawa."

Mama alitazama mikono yake. Kipimo alitazama sakafu, na moyoni alikuwa upande wa muuguzi.

Si kwamba hakumpenda mkewe. Ila zahanati ilikuwa imesema, na yeye alikuwa mtu wa kuamini kilichosemwa na mwenye koti jeupe. Miaka miwili sasa alikuwa akimpakulia mwenyewe kwa kikombe, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na ufunguo wa kabati la chakula ulilala mfukoni mwake. Sukari ilipopanda bado, alimpigia simu binti yao aliyeolewa mji wa mbali, akamwambia, "Mama yako anaiba chakula." Hakuwahi kumfuma. Alipiga tu hesabu: chakula kinachoingia ni kidogo, mwili ni mkubwa, basi pana njia ya panya.

Upimaji ule uliletwa na mradi wa wizara kwa mwezi mmoja tu. Siku ya kwanza wakubwa walikuja na magari manne, wakapiga picha na wagonjwa, wakala, wakaondoka. Likabaki gari moja la kuchukua sampuli kila Ijumaa. Zilikuwa zimebaki Ijumaa mbili.

*

Siku ya dumu ilikuwa siku ya kazi. Mama alikuwa akitia matundu ya vifungo kwenye karakana ya sare za shule, na karakana haitoi ruhusa kwa sababu ya mkojo. Aliondoka asubuhi na dumu ndani ya mfuko wa kitambaa, amelifunga khanga juu. Alirudi jioni, akaliweka juu ya meza, akakaa chini bila kuvua viatu.

Kipimo alilitazama dumu. Halikufika hata lita moja.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

"Mtu mwenye sukari? Wewe si huwa unaamka mara nne usiku?"

"Niache nipumue kwanza, baba watoto."

Akapumua. Kisha akasimulia, taratibu, kama anayemsimulia mtu wa tatu. Msimamizi alimkuta anaelekea chooni na mfuko kwa mara ya pili. Akaufungua mbele ya mashine arobaini. Akasema, "Hapa ni kiwanda, si maabara. Nguo za watoto hizi." Akalichukua dumu kwa ncha za vidole, akalifungia ofisini kwake mpaka saa ya kutoka.

"Nikajizuia mpaka mchana. Nikaacha hata kunywa maji. Mara ya kwanza ikanishinda, nikaenda bila dumu. Na mara ya pili."

"Mara mbili zimepotea!"

"Mara mbili. Kuna wasichana pale walikuwa wananiita bibi dumu. Basi na mimi nikacheka nao. Ningefanya nini?"

"Ungechukua hata chupa, ukaificha."

"Ningeificha wapi, kwenye sidiria?" Akavua kiatu kimoja. Kisigino cha kiatu kilikuwa kimemwachia alama nyeusi mguuni. "Kesho nitamwambia daktari. Yule daktari alisema tusidanganyane."

"Ukimwambia umekwisha. Unamjua yule muuguzi wa kadi? Atasema, si mnaona, hata kukojoa penye dumu kumemshinda, ndiyo masharti ya chakula atayaweza? Watakufuta. Ijumaa zenyewe zimebaki mbili."

"Basi wanifute. Nimechoka kusemwa, lakini kusema uongo kunachosha zaidi."

Alilala mapema. Kipimo alibaki na dumu lililokaa ndani ya ndoo ya maji, limefunikwa gunia bichi, vile vile wanavyohifadhi maziwa ya jioni kituoni.

Sasa hapo ndipo akili yake ya kazini ilipoingia mahali isipoitwa. Kituoni mkebe usiofika mstari haupokelewi. Bosi wa kituo, ambaye hajawahi kukamua hata mbuzi, aliweka sheria hiyo ili lori lisibebe hewa. Kwa hiyo mfugaji ambaye ng'ombe wake amekauka hujazia. Wajinga hujazia maji, na hao Kipimo huwakamata kabla hata kijiti hakijatulia. Wenye akili huazima maziwa kwa jirani. Maziwa kwa maziwa, hakuna kijiti cha kuyatenganisha, na Kipimo mwenyewe huyapokea huku akijua.

Aliutazama ule mstari wa lita mbili. Hakuna aliyemwambia kwamba dumu lazima lifike mstari. Lakini kwa nini mtu achore mistari kwenye chombo kama haidai kitu? Maji hapana. Maji watayajua. Huko maabara nao lazima wana kijiti chao. Lakini kitu kwa kitu cha namna ile ile, nani ataona? Na yeye hakuwa na sukari. Alikuwa mzima. Mkojo wake ulikuwa safi, wa mtu anayejiheshimu.

Alijazia jioni ile. Akajazia tena alipoamka usiku. Alfajiri akajazia mara ya tatu, akafunga kifuniko chekundu, akarudi kitandani na moyo mweupe kama aliyemfanyia mkewe zawadi.

"Mbona limejaa?" mama aliuliza asubuhi.

"Ulikwenda usiku."

"Mara moja tu."

"Mara tatu. Ulikuwa na usingizi, hukumbuki."

Alimtazama mumewe, kisha dumu. Kwa miaka sita alikuwa ameambiwa amekula asichokula. Kuambiwa amekojoa asichokojoa hakukuwa jambo kubwa.

"Labda," alisema. "Na zile mbili za kazini?"

"Wahi kazini wewe. Nitalipeleka mimi, nitawaeleza."

Alilipeleka. Muuguzi mkuu aliuliza bila kumtazama, "Hakuna kilichomwagika?" Naye akajibu, "Hakuna."

*

Alhamisi ya wiki iliyofuata waliitwa wote wawili. Benchi lilikuwa limejaa. Muuguzi mkuu alikuwa na karatasi mkononi, na kwa sauti yake ilionekana amefurahi.

"Si nilisema? Sampuli imekataliwa! Mama, umechanganya nini humu?"

"Mimi? Sijachanganya kitu, dada."

"Usiniite dada. Maabara wamesema mkojo huu haujakaa sawa."

Daktari kijana aliichukua karatasi. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyelala kwa saa tatu tu. "Mama, sikiliza," alisema polepole. "Mbali na ile homoni, kuna kitu kingine wanapima, kinatoka kwenye misuli. Kila mtu hutoa kiasi chake, na kila siku hakibadiliki sana. Mwili wako, na mikono ilivyokonda hivi, unatoa kidogo. Humu kimetoka karibu mara mbili. Ni misuli ya mtu mwingine hii. Kuna mtu yeyote alitumia dumu hili?"

"Nani atumie, mwanangu? Nyumbani tuko wawili tu."

Hakuona alichokisema. Daktari alikiona. Aliinua macho akamtazama Kipimo, naye Kipimo akatazama pale ukutani palipokuwa na bawaba za mlango zilizobaki.

"Hawa watu ndivyo walivyo," alisema muuguzi mkuu. "Tunahangaika nao, wao wanatuchezea. Gari la mwisho ni kesho. Mfute kwenye orodha, daktari, tuite mwingine."

Kipimo alingoja mkewe abishe. Apige hata meza. Apandishe sauti. Badala yake alimwona anashusha kichwa, anakusanya khanga mabegani, na anasema kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea:

"Basi mnisamehe. Labda nilikosea."

Alikuwa anaomba radhi. Kwa mkojo wa mumewe. Na Kipimo akajiuliza ni mara ngapi mkewe aliomba radhi hivyo hivyo mezani nyumbani, kwa kipande cha chakula ambacho hakukila.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, mzee?" aliuliza muuguzi mkuu.

"Ni wangu. Mkojo. Nilijazia." "Kazini walimnyang'anya dumu, zikapotea mara mbili. Yeye alitaka kuwaambia ukweli. Mimi ndiye niliyemkataza. Halafu usiku nikajazia, yeye hajui."

Benchi zima liligeuka kumtazama.

"Ulifikiri nini, mzee wangu?" aliuliza daktari.

"Niliona halifiki kwenye mstari." Akageuza kofia mkononi. "Nilitaka kuweka maji. Nikasema, maji mtayajua."

Hapo benchi likapasuka. Walicheka wenye sukari na wenye presha, akacheka kijakazi aliyekuja na mtoto wa tajiri, akacheka mzee wa mkoba wa harusini mpaka akashika mbavu. "Kipimo kapimwa!" mtu akapiga kelele, bila shaka mfugaji. Hata daktari alijifuta uso kwa kiganja, na kiganja kikakaa pale muda mrefu kuliko kawaida.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama aligeuka kwenye kiti akamtazama mumewe kwa makini, kama mtu anayesoma kibao cha mtaa asioujua. Kisha akageukia meza.

"Mwanangu," alimwambia daktari, "hakuna namna nyingine?"

"Mradi unafungwa kesho," muuguzi mkuu akadakia. "Fomu imejaa. Mstari wa mwisho umeshaandikwa."

"Nitamwandika pembeni ya fomu," alisema daktari.

"Wakubwa watauliza."

"Wakiuliza, waje. Tutafurahi kuwaona tena."

Akafungua droo, akatoa vidonge viwili kwenye kipande cha karatasi. "Leo saa tano kamili za usiku, umeze hivi. Kwa mtu wa kawaida dawa hii inazifunga mdomo zile tezi, asubuhi kotisoli inakuwa chini kabisa. Kwako isiposhuka, tutajua kuna kitu. Damu nachukua saa mbili kamili. Gari linaondoka saa tatu. Ukikosa hapo, mama, mimi sina tena la kufanya."

Kipimo alinyoosha mkono kuvipokea, kwa mazoea tu, kama anavyopokea kila kitu chake. Mama aliwahi. Akavifunga kiganjani, na kiganja akakiweka chini ya khanga.

*

Usiku ule mama alikaa kitini akaitazama saa ya ukutani, na saa tano ilipogonga akameza mwenyewe, maji akajitekea mwenyewe. Kipimo alisimama mlangoni.

"Msimamizi atakukata mshahara wa kesho," alisema, kwa kuwa lazima aseme kitu.

"Akate."

"Na akikufukuza?"

"Nimeogopa kufukuzwa na yule, na kufutwa na yule, na kusemwa na wewe. Leo nimechoka kuogopa. Zima taa."

Saa mbili kasorobo asubuhi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha daktari, mkono umenyooshwa. Mshipa uligoma mara mbili, mkono ukavilia rangi ya zambarau pale pale. Muuguzi mkuu alipita na kadi zake akasema fomu ya pembeni hairuhusiwi. Kichupa kikaingia kwenye boksi la barafu, gari likaondoka.

Kituoni habari ilimtangulia Kipimo. Wafugaji walipanga mikebe wakimwangalia kwa macho ya kucheka.

"Kipimo, haya yangu ni ya ng'ombe mmoja tu. Sijamwazima mwingine!"

"Onja basi, usitumie kijiti!"

Mama mmoja ambaye Kipimo alimmwagia maziwa mwezi uliopita hakutania. Aliweka mkebe wake chini, akauliza, "Kumbe na wewe unajua mtu anavyofika kwenye kujazia?"

"Najua," alisema Kipimo.

"Ulikuwa hujui?"

Kipimo aliuvuta mkebe. Alitumbukiza kijiti, kikaelea vizuri, akaandika. Alirudi nyumbani akaacha ufunguo wa kabati juu ya meza. Mama aliuona, akapita. Ulilala pale siku ya kwanza, ya pili, mpaka ukaanza kushika vumbi. Kabati likabaki wazi, na mama akaendelea kula kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na hilo lilimuuma Kipimo kuliko vicheko vya kituoni.

*

Majibu yalichukua siku kumi na sita. Daktari aliwakalisha wote wawili.

"Haikushuka," alisema. "Hata kidogo. Iko juu sana, mama. Hospitali kubwa watarudia kuthibitisha, kisha watapiga picha kutafuta inakotoka. Mara nyingi ni kivimbe kidogo, kwenye tezi ya juu ya figo au kichwani. Kikiondolewa, sukari huweza kushuka yenyewe."

"Kidogo kiasi gani?"

"Huweza kuwa kama punje ya harage."

Mama alifikiri. "Kwa hiyo haikuwa chakula."

"Kula vizuri ni muhimu bado. Lakini hapana. Haikuwa chakula."

"Rudia, mwanangu."

"Haikuwa chakula, mama. Hukuwa na kosa."

Muuguzi mkuu alikuwa anapekua kadi, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. "Foleni ya picha ni miezi minne," alisema. "Mashine iliyopo ni moja." Hilo lilikuwa kweli, na ndilo pekee alilosema.

Walitoka wakakaa kwenye ukuta mfupi wa nje, karibu na bomba lisilotoa maji. Jua lilikuwa kali.

"Mke wangu," alianza, "mimi nilikuwa..."

"Usinipe pole hapa," alisema mama. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo mrefu, akautua, akakuta mikono bado inauma. "Pole ya hapa nani ataisikia? Toa simu."

"Nimpigie nani?"

"Mtoto wako. Mwaka mzima hajaniuliza nimeamkaje, ananiuliza nimekula nini. Weka sauti kubwa, na mimi nisikie."

Kipimo alitoa simu. Akapiga, akaweka sauti kubwa. Ikaita mara tatu, nne, na akaanza kutumaini haitapokelewa.

"Shikamoo baba," ilisema sauti ya binti, nyuma yake vyombo vinagongana. "Kuna nini? Mama kala nini tena?"

Watu wawili wa benchini walikuwa wametoka kupunga upepo. Walisimama karibu kabisa, nao hawakujificha kwamba wanasikiliza.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako..." Alikohoa. "Mama yako hajawahi kuiba chakula. Ni ugonjwa. Wameupima, wameuona. Hakuiba hata siku moja."

Upande wa pili vyombo viliwekwa chini.

"Baba, mbona unaniambia hivyo leo? Si ni wewe uliyesema anaiba? Si uliniambia umemwona?"

Kipimo alishusha simu, akamtazama mkewe, kana kwamba yeye ndiye atakayempa ruhusa ya kukata.

"Endelea," alisema mama.